Mwenye Gari Hajaulizwa

Garissa,
Jumanne, 10 Februari 2026

Kwa kaka yangu Abdimalik,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Namwomba Mungu barua hii ikukute mzima, na wifi yangu Iftin mzima, na Leyla awe amepona kile kikohozi kilichokuwa kikimkosesha shule. Mwambie wifi yale mafuta ya simsim niliyompelekea ayapashe moto kidogo kabla ya kumkanda mtoto kifua. Asiyapake baridi.

Sisi huku hatujambo. Joto la mwaka huu limezidi, hata mbuzi wanagombania kivuli cha tangi. Aabo, baba yetu, ni mzima. Presha imeshuka, meno yaliyobaki anasema yanamtosha, na dawa zake anameza siku anayotaka yeye. Mume wangu Abdihafid anakusalimu. Bado anafundisha shule ileile na bado anasahihisha madaftari kwenye meza yangu ya kulia. Mwanetu Sagal ameingia kidato cha pili na anaulizia viatu ulivyomwahidi. Mimi pia ni mzima wa mwili. Habari za roho utazisoma huko chini.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua zama hizi za simu. Kwa simu, kaka, wewe huambiwi jambo likafika mwisho. Nikianza sentensi unaimalizia wewe, tena vibaya. Kwenye kundi la familia nako tuko watu hamsini na wawili, na nikiandika neno moja kuhusu gari, binamu zetu wa Kutulo watakuwa wameshatoa hukumu kabla sijaweka nukta. Kwa hiyo nimekaa chini nimeandika kwa Kiswahili, kama tulivyochapwa shuleni mpaka tukajua kuandika barua, na nitampa Nafiso akuletee mkononi. Unamjua Nafiso, mwenzangu wa biashara ya maziwa. Usimfokee yeye, anakuja Nairobi kumwona binti yake tu.

Habari yenyewe ni ya ile Land Rover ya Aabo na injini yake. Nitaanza mwanzo, maana wewe ukiwa huko Nairobi mambo ya huku unayakumbuka kwa namna yako.

Injini ya zamani ilikufa miaka miwili iliyopita. Unawaambia watu kwamba iliuawa na maziwa yangu. Mimi nilikuwemo garini, kwa hiyo nitasema nilichokiona. Tulikuwa tunarudi kutoka Balambala, mimi na Aabo, na mitungi yangu sita nyuma, rejeta ikaanza kuchemka. Maji yalikuwa yameisha. Ya mwisho Aabo aliwapa wachungaji tuliowakuta njiani, na kwa hilo simlaumu. Nilimwambia tusubiri gari lingine lipite. Akanijibu kwamba maziwa ya ngamia yamevusha watu jangwani tangu enzi za babu zetu, hayatashindwa na chuma cha Mwingereza. Akafungua mtungi wangu, akamimina lita saba kwenye rejeta. Wallahi tulifika nyumbani. Aabo alijisifu wiki nzima. Wiki ya pili yale maziwa yakawa yameganda kwenye njia zote za maji, akaliwasha gari hivyohivyo kwenda msikitini, na bloku ya injini ikapasuka. Hebu niambie, maziwa yana kosa gani hapo? Lakini nilipokuomba uniruhusu nilitengeneze kwa pesa zangu nilitumie kubebea maziwa, ulisema gari lako si la kunuka mgando. Nikaliacha jambo hilo, kwa sababu tangu utotoni sote tulijua kwamba gari ni lako.

Biashara yangu unaijua kwa jina tu. Mara tatu kwa wiki nakodi Probox kwenda upande wa Balambala kuchukua maziwa ya akina mama wa huko, kabla ya saa nne yawe yamefika sokoni hapa mjini. Probox si gari la mchanga. Mvua za Novemba zilipojaza laga, yale makorongo ya mchanga, ilikwama siku mbili, na mitungi kumi na minne ikaharibika yote. Mwenye hoteli anayenunua nusu ya maziwa yangu akaanza kuniangalia kama mtu wa kubahatisha. Kisha mwenye Probox akanipa taarifa: ikifika Ramadhani hataki tena safari za Balambala, gari lake limechoka. Ramadhani, kaka! Mwezi ambao mji mzima unataka maziwa ya kufuturia. Nikikosa gari mwezi huo, wale akina mama watampa maziwa mtu mwingine, na sitawapata tena. Ninakuambia haya ili ujue nilikuwa na haraka gani wakati wewe ulipokuwa ukichagua rimu za magurudumu.

Maana mwezi wa Septemba ulinipigia simu kwa furaha kubwa. Ulikuwa umejiunga na hao wenzako wenye magari ya kale, wanaokutana Jumapili, kila mtu anafungua boneti na wengine wanachungulia wakitikisa vichwa. Ukasema Land Rover ya Aabo ifufuliwe, itiwe injini mpya, ije Nairobi ionekane. Ukanipaka mafuta: abaayo, dada yangu, wewe ndiye mwenye hesabu katika familia hii, simamia, pesa nitatuma. Nilikubali. Nilijiambia kwamba likishatembea, labda utaniachia miezi miwili mitatu kabla hujalichukua. Hiyo tamaa yangu nakiri.

Nikamchukua fundi aitwaye Wako, yule Mborana aliyetoka Wajir, mwenye gereji nyuma ya soko la mbuzi. Ni mtu wa maneno machache na hakisii vipimo. Hiyo ndiyo sababu nilimchagua, na hiyo ndiyo sababu ulimchoka mapema.

Mpango wako wa kwanza ulikuwa injini ya asili, ileile ya petroli ya silinda nne. Wako aliulizia wiki tatu. Iliyopatikana ilikuwa na ufa kwenye kichwa, na mwenyewe aliuza kama dhahabu. Basi ukageuka. Mpango wa pili ukawa dizeli ya Toyota ya silinda sita, kwa kuwa mwenzako mmoja wa Jumapili anayo. Wako hakubisha. Alitafuta vipimo vya injini hiyo, akagonga boksi la mbao la ukubwa uleule, akaitoa injini iliyokufa kwa muda, akalishusha boksi kwa winchi pale injini inapokaa, ili tujue kabla ya kununua. Boksi halikuingia. Lilikuwa refu, ili likae ingebidi kusogeza rejeta mbele na kukata ule ukuta wa bati ulio mbele ya miguu ya dereva. Nilikutumia picha. Ukasema Wako amepima vibaya. Akapima tena mbele yangu, futi kamba ikiwa mkononi mwangu. Boksi halikupungua hata unyoya.

Mpango wa tatu ndio ulionipandisha presha mimi. Ukataka V8, ile ya silinda nane. Wako akagonga boksi la pili. Hili halikuwa refu, lilikuwa pana, likagusana na mhimili wa usukani. Akaniambia, "Mama Sagal, hii injini itakaa hapa kama shemeji amekuja na godoro yake. Itaingia, lakini nyinyi wote mtalala nje." Kisha akanihesabia hao watakaolala nje. Bamba la kuunganishia injini na giaboksi ya zamani, ambalo lazima lichongwe Nairobi. Giaboksi yenyewe, ambayo haitastahimili nguvu hiyo mwaka mmoja. Klachi. Vishikio vya injini vya kuchomelea upya kwenye chesisi. Rejeta kubwa na feni mbili. Ekzosi mbili. Tangi la mafuta, kwa sababu gari litakunywa lita moja kwa kilomita nne, na vituo vya mafuta kutoka hapa kwenda Balambala unavijua. Na mwisho breki, maana breki zile zilitengenezwa kusimamisha gari linalotembea kama punda.

Niliandika bajeti yote kwenye karatasi mbili nikakutumia. Ulijibu kwa dakika moja kwamba umeona V8 kwenye mtandao kwa laki tatu, mbona mimi nimefika laki nane na nusu. Ee Mungu. Nilikueleza kwamba injini ni kama bibi harusi: ukishamaliza mahari yake ndipo wakwe wanaanza kuja. Ukacheka, ukatuma picha ya rimu. Nikakuuliza kuhusu breki, ukatuma rangi tatu za kijani nikuchagulie. Halafu ukanitumia video ya Land Rover ya umeme, isiyo na injini kabisa, na hapo nikaizima simu nikaenda kufua mazulia, maana ningeendelea kukusikiliza ningetukana.

Ili kupunguza, tuliandika kwenye bajeti mstari mmoja wa kuingiza pesa: injini ya zamani na giaboksi yake ziuzwe kwa mtu wa spea za kale. Wewe mwenyewe ndiwe uliyempata mnunuzi. Ukumbuke mstari huo.

Sasa nije kwa Aabo. Unajua kwamba namba ya injini iko kwenye kitabu cha gari, na ukibadilisha injini lazima mwenye kitabu atie sahihi, gari likaguliwe, na namba mpya iandikwe. Kitabu kina jina la Aabo. Nilimpelekea fomu mwezi wa Oktoba baada ya sala ya alasiri, nikidhani ni jambo la kalamu tu. Akaisikiliza yote nikimtafsiria, na bajeti yote, hadi huo mstari wa mwisho. Kisha akanirudishia kalamu akasema mwenye gari hajaulizwa.

Nikamwambia Aabo, Abdimalik ameulizwa, tena ndiye anayetuma pesa, ndiye aliyetuingiza sote katika mashaka haya. Akasema Abdimalik ni mtoto mwema. Lakini mwenye gari hajaulizwa.

Nilidhani anataka heshima yake, akusikie kwa masikio yake. Ndiyo ile siku nilikupigia nikamwekea simu sikioni, ukamwambia kwamba umeridhia kila kitu. Alikuombea dua ndefu, akauliza kikohozi cha Leyla, akanirudishia simu. Nikamsogezea fomu. Jibu lilikuwa lilelile.

Wako alikuwa ameirudisha injini ya zamani mahali pake baada ya vipimo, na hakutaka kuing'oa tena bila sahihi. Amewahi kushikiwa gari la mteja kwa sababu ya karatasi. Mimi nikamlazimisha. Nikasema aing'oe tu, sahihi itakuja. Akaja na winchi ya mnyororo na vijana wawili, Aabo akatoka na kigoda chake akakiweka mbele ya bampa, akakaa, akaanza kuvuta tasbihi. Vijana wakasimama. Wako akasalimia, akasubiri saa nzima, akakunja mnyororo akaondoka. Hiyo ilitokea mara tatu, na mara tatu nililipa vijana wa watu kwa siku ambayo hawakufanya kazi.

Kaka, sitakuficha, niliamini akili za Aabo zimeanza kuondoka. Nikampeleka kwa daktari. Daktari, kijana mpole wa huku kwetu, akamuuliza siku, mwezi, na majina ya wajukuu. Aabo akajibu yote. Kisha naye akamwomba daktari ataje babu zake kumi, na daktari akakwama kwenye wa tano. Aabo akaniambia kwa upole kwamba nimemleta kwa mgonjwa. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka. Nyumbani nilikuwa nimeacha maboksi mawili ya mbao, gari bila injini ya maana, mwenye Probox anayehesabu siku, na simu yako yenye picha za rimu.

Jumatatu tarehe tano Januari ndipo nilipolipuka. Asubuhi hiyo ulinitumia ujumbe kwamba kama nimeshindwa kumshawishi mzee mmoja, utaleta wajomba. Nilitoka uani nikamkuta Aabo anapangusa vumbi kwenye boneti ya gari lililokufa, taratibu, kama anayemkanda mtoto. Nikapaza sauti, Mungu anisamehe. Nilimwambia nimechoka. Nimechoka kuwa mkono wa kila mtu katika familia hii na kutokuwa na neno. Aabo, ninakupikia, ninakupeleka hospitali, ninamwandikia mwanao bajeti za gari lake, na sina hata punda wa kubebea maziwa yangu. Kama kuna mwenye gari ambaye hajaulizwa, nitajie jina lake leo nikamuulize, hata kama yuko Bute nitakwenda kwa miguu.

Aabo akaweka kitambaa chini. Akaniambia, "Mwenye gari ni wewe, Safiyo."

Nilidhani sikusikia. Akaniomba nikae, nikakaa kwenye kigoda chake, na yeye akabaki amesimama mbele yangu kama mtu aliyeitwa mahakamani.

Unajua desturi yetu ya xuddunxir, ngamia wa kitovu: mtoto akizaliwa na kitovu kikafungwa, baba humtengea ngamia jike, na kila ndama atakayezaliwa na jike huyo ni mali ya mtoto, si ya baba. Ngamia wako wewe alikufa katika ukame wa mwaka themanini na nne, pamoja na ndama wake. Ulilia siku tatu. Hilo hata mimi nimeambiwa. Wangu hakufa. Kufikia mwaka wa tisini, Aabo alisema, yule jike wangu alikuwa na watoto wanne. Mnada wa magari ya serikali ukatangazwa, yeye akaitamani Land Rover, na pesa hakuwa nazo. Aliuza ngamia wote watano wa kitovu changu siku moja pale sokoni. Nilikuwa na miaka tisa. Alijiambia atawarudisha kabla sijapata akili. Jioni yake akaja nyumbani na gari, akakuona wewe, mtoto mkubwa usiye na ngamia, akakunyanyua akakuweka juu ya boneti na kusema mbele ya watu kwamba hili ni la Abdimalik.

Hooyo, mama yetu, Mungu amrehemu, alijua. Aabo alisema kila Idd alikuwa akimuuliza kama amemwambia mwenye ngamia, na kila Idd alijibu kwamba atamwambia. Siku nilipoolewa alikusudia kunirudishia, lakini mwaka ule nao ulikuwa wa kiangazi, akanipa kitanda na sufuria. Kisha Hooyo akafa, na hakuna aliyebaki wa kumuuliza.

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema Oktoba, kwa nini amenizungusha miezi mitatu na kigoda. Akasema gari likiwa limekaa tu uani, aliweza kuvumilia. Lakini nilipomsomea ule mstari wa kuuza injini ya zamani, aliona atasimama mbele ya Mungu akiwa ameuza ngamia walewale mara ya pili, na mwenyewe bado hajui. Kutia sahihi hakuweza, na kunitazama usoni akaniambia pia hakuweza. Kwa hiyo alikaa kwenye bampa.

Utadhani nilifurahi. Sikufurahi. Nililia kwa hasira. Nililia nikikumbuka siku ya harusi yangu, shangazi zake mume wangu wakinong'ona kwamba binti wa Dekow amekuja mikono mitupu, na mimi nikaona aibu miaka ishirini kwa umaskini ambao haukuwa wangu. Sikumsemesha Aabo siku mbili. Chakula nilimpa, maneno sikumpa. Siku ya tatu nilimkuta amekaa ndani mbali na gari, hataki hata kulitazama, na hasira ikanitoka nusu. Nusu nyingine bado ninayo, nitaimaliza polepole.

Sasa, kaka, kama umesimama, kaa.

Nilimwambia Aabo kwamba mwenye gari ameulizwa sasa, na jibu lake ni kwamba anataka gari lake. Alitia sahihi ya kunihamishia kabla sijamaliza kusema. Sagal alijaza yote kwenye simu. Kitabu cha gari leo kina jina langu. Nikamwendea Wako nikamwambia atupe boksi la V8. Alinitazama akaniuliza tunaweka nini, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba alitabasamu, kwa sababu jibu lake alikuwa nalo muda wote na hakuna aliyemuuliza. Tumeweka dizeli ndogo ya Isuzu ya silinda nne, iliyotumika, yenye stakabadhi zake zote. Inakaa pale bila kukata bati. Giaboksi ni ileile, breki zilezile zimebadilishwa viatu tu. Bamba la kuunganishia lilikuja na basi kutoka Nairobi, na siku hiyo ulikuwa umenipigia mara nne. Injini ya zamani sikuiuza. Iko kwenye stoo ya Aabo. Gharama nilizilipa kwa kuuza bangili zangu mbili za dhahabu. Gari limepita ukaguzi. Leo ni siku ya tisa linabeba maziwa. Linapanda mchanga wa laga polepole bila kulalamika, na yule mwenye hoteli ameanza kunisalimia kwanza.

Pesa zako zote nimezirudisha kwenye akaunti yako leo asubuhi, kwa hiyo usishtuke na ujumbe wa benki. Zimepungua elfu sita tu za yale maboksi mawili ya mbao, ambayo uliyataka wewe.

Na hili ndilo kosa langu. Nimekudanganya mwezi mzima na siku kadhaa. Zile picha nilizokutumia Jumatatu ya juzi, za gari likiwa wazi mbele na boksi ndani, ni za Oktoba. Uliponiuliza kama Aabo amelainika, nilijibu kwamba tunaendelea naye. Ulipotuma tena zile rangi za kijani nilikuchagulia moja, ile iliyokolea, huku gari likiwa nje limejaa mitungi. Nilikuacha uwaambie wenzako wa Jumapili kwamba litafika mwezi wa Aprili. Nilifanya hivyo kwa woga. Nilijua ukisikia mapema utawaita wajomba, wajomba wataita kikao, kikao kitakunywa chai wiki tatu, na mwishoni mtu atasema ngamia wa dada na gari la kaka si vitu viwili. Na Ramadhani ingekuwa imeisha. Nilitaka maziwa yafike sokoni kwanza, ndipo maneno yaje.

Kwa picha hizo nakuomba msamaha, kwa moyo wote. Ulinituma kwa uaminifu nami nikakuchezea. Kwa gari siombi msamaha.

Wewe sikulaumu. Ulikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, ukawekwa juu ya boneti, ukaambiwa ni lako. Nani angekataa? Najua ulivyolipenda, na najua ulilitaka Nairobi si kwa ajili ya wale watu wa Jumapili peke yao. Aabo anasema amekukosea wewe pia, kwa kukupa kitu kisichokuwa chake akakuacha ukipende. Amenituma nikuombee radhi, na ameshindwa kumaliza maneno yenyewe, kwa hiyo nayafikisha hivyo yalivyo.

Jambo moja la mwisho. Jana alfajiri nilikuwa ninawasha gari kwenda Balambala. Aabo akatoka na fimbo yake na kilemba amekifunga vizuri. Miaka thelathini na sita amekuwa akilifungua gari lile na kuingia bila kumuuliza mtu. Jana alisimama nje ya mlango, mkono hakuuweka kwenye kitasa, akaniuliza kama nitamruhusu apande. Nilinyoosha mkono nikamfungulia kwa ndani. Njia nzima tuliongea habari za mvua, na tulipofika aliwaambia wale akina mama kwamba amekuja na gari la binti yake.

Usijibu barua hii kwa hasira ya siku ya kwanza. Ngoja siku tatu. Ukitaka kupiga simu, piga, lakini uniache nimalize sentensi. Idd njooni wote watatu. Nitawapokea stendi mimi mwenyewe. Nimemuuliza Aabo kama atakupisha kiti cha mbele, anasema atafikiria.

Nisalimie wifi yangu, umbusu Leyla kwenye paji la uso, na umkumbuke Sagal kwa vile viatu, namba thelathini na nane. Mungu awalinde, atupe Ramadhani ya kheri na atukutanishe na nyoyo safi.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Safiyo Dekow